Alnashir Anangoja Gari la Kazini

Jumanne, 6 Mei

Malek amepiga simu kutoka kwao Rayners Lane, upande wa pili wa London. Mume wake, Alnashir, siku hizi anavaa tai kila asubuhi, anachukua begi, anasimama mlangoni. Anangoja gari la kumpeleka uwanja wa ndege! Alikuwa mkuu wetu wa wahudumu, East African Airways. Shirika lilikufa 1977. Kichwani mwake bado linaruka. Jina la mke wake limempotea. Langu analo.

Nimeshinda nikikumbuka. Nairobi–London, mimi msichana kutoka Meru, sare imenikaa, natangaza kwa Kiswahili juu ya mawingu ya Ulaya. Ndege ya Kenya, Uganda na Tanzania – na sisi humo ndani tulikuwa nyumba moja.

Alhamisi, 8 Mei

Nimetoka kwangu Woolwich hadi kwao. Alnashir akaniambia nimechelewa. Halafu akaanza hadithi za baba yake, aliyekuwa akipakia mizigo uwanja wa ndege wa Eastleigh, Nairobi, shirika lilipoanza, 1946. Vindege vya mabawa mawili. Abiria wakipimwa uzito pamoja na mabegi yao! Nilicheka hadi machozi. Malek alipoleta chai, Alnashir akamshukuru kama mtu asiyemjua.

Jikoni Malek akanieleza. Kesho anampeleka care home, nyumba ya kutunzia wazee. Wameanguka pamoja bafuni, mgongo wa Malek hauwezi tena. Lakini Alnashir hatoki nyumbani kwa lolote, ila kwa safari.

“Mwambie gari la kazini limefika,” akaniomba. “Wewe atakuamini.”

Nikasema siwezi kumdanganya. Akarudi kwenye vyombo. Mikono ilibaki ndani ya sinki, maji yakipoa.

Ijumaa, 9 Mei

Nimekwenda. Mungu anisamehe. Nilifunga skafu shingoni kama ya sare yetu, nikamwambia gari liko nje. Akashuka ngazi kama kijana.

Teksi imekwama kwenye foleni, naandikia magotini. Alnashir yuko katikati yetu. Malek amegeukia dirisha, analia bila sauti. Alnashir amemwona. Akamuuliza, kwa ile sauti yake ya kazini, kama ni mara yake ya kwanza kupanda ndege.

Malek akaitikia kwa kichwa.

Alnashir akamkazia mkanda, taratibu, kisha akamshika mkono.

“Usiogope, mama. Niko na wewe mpaka tufike.”

Malek ananitazama. Dereva ameyaona machozi, anauliza kama tugeuke kushoto, iliko care home, au tunarudi nyumbani –