Kuunganisha Kabla Simiyu Hajaja

Jumatatu, 4 Agosti 2003
Nimefagia. Nimepangusa vumbi la saruji mezani, nikizunguka vitu vya Wekesa bila kuvisogeza. Kasha tupu la kompyuta. Kisanduku cha umeme. Skrini. Diski. Ile bodi kubwa ya kijani ambayo kila kitu huchomekwa juu yake, bado iko kwenye boksi lake. Wekesa, mume wangu, alivinunua kimoja kimoja, kila mshahara na kitu chake, ili niwe nikichapia watu kazi hapa hapa nyumbani Kitengela. Kisha lori likamgonga Athi River akitoka zamu. Tulimzika kwao Chwele. Nimerudi. Sisikii kitu. Hata baridi ya Agosti naiona kwa masweta ya watu.

Jumatano, 6 Agosti
Simiyu, mdogo wake Wekesa, amepiga simu kwa Mama Naisiae, mwenye ploti hii ya nyumba za kupanga. Anakuja tarehe ishirini na tatu na pikapu kuchukua vitu vya marehemu. Kwa mila yetu nguo za marehemu hugawiwa ndugu zake. Televisheni haikuwa kwenye mila, lakini siku hizi imeingia. Hatukupata mtoto, kwa hivyo mimi ni mgeni aliyekaa sana.

Kitanda achukue. Kompyuta hapana. Bila kompyuta sina kazi, bila kazi sina kodi ya nyumba, na bila nyumba ni Chwele, ambako wazee wameshaanza kusema Simiyu ndiye wa kuniangalia. Kuangaliwa najua maana yake: kurithiwa.

Jumamosi, 9 Agosti
Vimebaki vitu viwili: memori, na prosesa, ile chipu inayofanya hesabu zote. Nimeenda Nairobi. Mwenye duka hakuuliza bodi yangu ni ya aina gani. "Itaingia tu, madam." Nimefika nyumbani, memori imekataa. Ina pengo moja chini, na mahali pake kwenye bodi kuna vinundu viwili. Nimeisukuma mpaka bodi ikalia. Nikaacha. Nimepika ugali, nimekula nusu.

Jumapili, 10 Agosti
Sikwenda kanisani. Nimesoma kijitabu cha bodi, Kiingereza kitupu na majedwali. Walioandika hawakupenda watu. Lakini jibu limo: memori ya aina ya zamani, yenye mapengo mawili. Nyumbu wamelala nyuma ya choo, wametoka huko mbugani. Nimewatazama kwa dirisha. Hawana haraka.

Jumanne, 12 Agosti
Nimebadilisha memori. Imekaa na kulia "tak". Prosesa nayo imekaa, kila pini na tundu lake. Nikaweka feni juu. Nikawasha.

Feni imezunguka. Skrini nyeusi. Kimya. Nimezima, nimewasha, nimezima.

Nimechoka na vitu vinavyozunguka tu.

Alhamisi, 14 Agosti
Nimeelewa. Prosesa niliyonunua ni ya ukoo ule ule, matundu yale yale, ila imezaliwa baada ya bodi. Bodi haiijui. Kuingia ni kitu kimoja, kukubaliwa ni kingine. Hilo ningelijua bila kijitabu. Nimekuwa mke kwa kina Wekesa miaka sita.

Jumamosi, 16 Agosti
Mwenye duka alinishangaa. "Unataka ya zamani na ni slow? Si ubaki na hii ya nguvu?" Nikamfungulia kijitabu, nikaweka kidole kwenye jedwali. Akanipa ile ya zamani.

Imewaka. Mlio mmoja mfupi, kisha maandishi meupe. Nimejua nimefurahi kwa sababu nimeizima, nikaiwasha tena ili niusikie ule mlio. Ndani hakuna kitu.

Jumatatu, 18 Agosti
Programu zote zimeingia. Nimechapa ratiba ya ibada ya kanisa la Mama Naisiae kwa majaribio, nikapeleka diskete ikachapishwe mjini. Amesema akina mama wenzake wana kadi za harambee na harusi mbili. Kazi ipo. Nimeitikia kama mtu anayeambiwa saa.

Jumatano, 20 Agosti
Leo nimeogopa. Angalau hiyo nimeisikia. Kompyuta imesimama mezani, nzima, inang'aa, na kila mtu, Chwele na hapa Kitengela, anajua kompyuta ni mali. Nimefikiria kuificha. Ploti nzima ina milango minane na macho ishirini.

Nimemwambia Mama Naisiae. Mumewe alipokufa, shemeji zake walichukua ng'ombe akiwa bado ananyolewa kichwa kwa matanga. Hakunipa pole. Alisema hivi: "Ng'ombe mzima anaonekana kutoka mbali, Nafula. Akishakatwa, nani anajua ni ng'ombe gani?"

Ijumaa, 22 Agosti
Nimeichinja. Skrubu moja moja. Memori, prosesa, feni, diski, nyaya. Hata kile kibetri kidogo cha mviringo nimekitoa kwenye bodi. Nimetandaza vyote juu ya gazeti sakafuni. Kazi ya siku kumi, na sikuumia. Nimejua kila kipande kinakorudi.

Skrini tumeibeba mimi na Mama Naisiae kupitia nyuma. Ameiweka sebuleni kwake na kuifunika kitambaa cha kufuma.

Jumamosi, 23 Agosti
Simiyu amekuja na pikapu. Amechukua televisheni, redio, kitanda, viatu, koti la zamu. Amesimama juu ya gazeti.

"Na hizi skrap alikuwa anakusanya ni za nini, shemeji?"

"Ni hivyo vile unaona, shemeji."

Akageuza bodi kwa ncha ya kiatu. Mwili wangu wote ukawa kwenye kile kiatu. Akasema Wekesa alipenda takataka tangu utotoni. Nilimchukia. Chuki imekuja moto, ikapoa.

Kabla ya kuondoka aliitwa chai kwa Mama Naisiae. Alikaa kando ya skrini, akaisifu televisheni ya mama, akauliza mbona haijawashwa. Mama akamwambia hakuna stima, akamwongeza chai.

Mlangoni amenikumbusha wazee wananingoja Desemba. Nimemwambia Desemba nitakuwa na kazi nyingi. Akacheka. Mimi sikucheka.

Jumapili, 24 Agosti
Nimelala kwenye mkeka. Nyumba ina mwangwi.

Baada ya chai nimeirudisha skrini, nimeunganisha tena. Sikufungua kijitabu. Imewaka kwa jaribio la kwanza, lakini haikuendelea. Imesimama, imeandika kwamba haijui leo ni lini. Kibetri kilipotoka, saa yake ilirudi mwanzo. Inasema ni tarehe mosi Januari, mwaka 2000.

Kwa kompyuta hii, Wekesa bado yuko kazini, atarudi asubuhi.

Nimekaa nayo hivyo kwa muda, mikono mapajani. Kisha nikaandika tarehe ya leo, kwa kidole kimoja, nikabonyeza, ikaendelea.