Gunia la Mzee Bonaventure

Kangle, Guangzhou
9 Machi 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje, na migomba imesimama baada ya ule upepo? Mimi mzima, nakohoa kidogo tu. Ningepiga simu, lakini ningekata kabla ya kufika ninapotaka kufika.

Mzee Bonaventure wa Bukavu, aliyenipa kazi ya ukalimani stoo kwake nikiwa bado mwanafunzi, anarudi kwao mwisho wa mwezi ujao. Alifika huku wakati ambapo Mwafrika akipita, watu walitoka madukani kumshangaa. Hakuna aliyemtuma kutulinda, ila alitulinda, Wakongo wakamwita Shérif, yaani mlinzi wa sheria. Laoban, yaani mwenye duka, akitupunja kitambaa kisha akamwona Mzee anaingia, huchukua futi akapima upya. Mtu mfupi vile, Mama, wala hapazi sauti!

Ninachompendea zaidi ni gunia lake. Kitu kikipotea stoo, hatafuti mwizi. Hutundika gunia tupu nyuma ya mlango, kila mmoja wetu akapita peke yake, na kitu hurudi bila jina la mtu kutajwa. Miaka yote lilikosa mara moja tu, ilipopotea lesi ya Mama Émérance, mfanyabiashara wa Lubumbashi. Watu wakaanza kumnyooshea kidole Loïc, mpakizi wetu. Mzee akasema kosa ni lake, yeye ndiye aliyesinzia, akamtafutia Émérance lesi nyingine. Mpaka leo wanamtania kwamba Shérif alilala.

Juzi alitaka kunikabidhi gunia hilo nilitunze. Nikashindwa kulipokea.

Mama, lesi ile ndiyo gauni lako la kijani la harusi ya Kaka Medard. Nilikuwa nimekuahidi, na sikuwa na kitu. Nilipita kwenye gunia mikono mitupu kwa sababu kitambaa kilikuwa kimeshapanda ndege kuja kwako.

Nilimwambia yote huku nalia. Alilikunja gunia mara mbili, akanipa. Kwa Kiswahili chake cha Bukavu akasema ni langu bado, mais, yaani lakini, kwanza nimwandikie maman. Nina aibu, Mama, na aibu yenyewe nimekuvisha na wewe usiye na kosa. Nisamehe.

Najua ndilo gauni lako la Pasaka, na Pasaka imekaribia. Lifue, umpe Medard akija huku kununua mzigo. Nitalitia guniani mwenyewe, mchana, watu wote wakitazama, kabla Mzee hajaondoka. Nataka asafiri bila ule utani.

Msalimie jirani yetu Gaudiosa, aliyelisifu sana gauni lile.

Ni mimi mwanao,
Bertila