Kitalu Namba Kumi na Nne

Madibira, 3 Februari 2025

Mwanangu Sekela,
Ugonile. Mimi mzima, mgongo tu unasumbua. Nyie hapo Iyunga mnaendeleaje? Namba ya kitalu changu uliyoiomba kwa kazi ya chuo ni ileile, kumi na nne. Mpunga umesimama vizuri.
Baba yako, Jailos

Iyunga, 21 Februari

Baba, shikamoo. Sisi wazima, pole na mgongo.
Kanzidata ya chama cha wakulima wa huko nimeimaliza, majina nimeyatoa kwenye daftari lao. Majedwali ya kawaida yanataka kila kisanduku kiwe na kitu kimoja tu. Sisi tumefundishwa kuyaongezea aina za kujitungia. Nimetunga Mtu, mwenye jina na kijiji. Chini yake nikaweka Mkulima, anayepata yote ya Mtu bila kuyaandika upya, halafu anaongeza kitalu.
Juzi viongozi wa chama walikuja kuiona. Kwa mfano nikatafuta jina lako. Halikutokea. Kitalu cha kumi na nne kikaleta mama mmoja, Esnath. Nikarudia mara tatu mbele yao. Katibu akacheka: "Jailos yule wa kupandikiza?"
Baba, nimekosea wapi?
Mwanao, Sekela

Madibira, 11 Mei

Mwanangu,
Marahaba. Miezi karibu mitatu nimeshindwa kukuitikia.
Hukukosea. Kitalu ni cha Esnath. Mimi ni kibarua wake, na wa wengine. Ulipokuwa darasa la nne uliniuliza shamba letu ni lipi, nikataja nililokuwa nimesimama ndani yake. Sikuweza tena kurudi nyuma.
Katibu ametusimulia mferejini, watu wakacheka. Nilicheka nao. Ila hiyo mara ya tatu uliyonitafuta, mwanangu, inaniuma. Nifute humo.
Baba yako

Iyunga, 2 Juni

Shikamoo baba. Mgongo vipi?
Nilikasirika, sikufichi. Lakini kukufuta siwezi, hukuwemo. Kosa langu ni kudhani chini ya Mtu kuna Mkulima peke yake. Nimeongeza Kibarua. Kisanduku chake kimoja kinabeba orodha nzima ya vitalu alivyofanyia kazi. Katibu anasema hiyo hakuna anayeikumbuka. Wewe unakumbuka?
Mwanao

Madibira, 15 Juni

Mwanangu Sekela,
Marahaba. Mgongo ni uleule, tunavuna.
Nakumbuka. Andika 9, 15, 16, 22, 31 na 40 kwa kupandikiza. 27 na 28 nilifukuza ndege. 35 nilichimba mfereji.
14 weka mwisho. Nimeshakitaja vya kutosha.
Baba yako, kibarua