Amplifaya ya Msikitini

Alhamisi, Gazi

Kumbe haikuwa mbovu. Mchana kutwa nimeifungua amplifaya ya msikiti bure, na ule mvumo uliokuwa ukisikika kwenye spika ulitoka kwenye waya wa maikrofoni, uliopitishwa sambamba na waya wa feni. Amplifaya haichagui. Kidogo inachopewa, sauti au mvumo, hukitia nguvu ya umeme na kukitoa kikubwa.

Nikazitenga nyaya, mvumo ukakatika. Mzee Bakari, muadhini wetu, kwa kuzoea makelele yale, akadhani nimeizima. Akanong'ona palepale kwenye maikrofoni, "Mola amponye mamake huyu."

Spika za mnarani zikaitoa dua yote. Niliona haya.

Nimerudi nyumbani na wasiwasi wangu wa homa ya Mama. Kajilaza, anatabasamu.

"Nimeshaitikia amina," akasema. "Na jirani pia, nimemsikia."