Nimekataa Kumpokea Njoroge

Jumatano, jioni. Baridi ya Julai imekaa tangu asubuhi, ile ya kunyunyiza bila kunyesha. Nimevaa sweta mbili na sisikii kitu. Sisemi baridi tu. Sisikii kitu chochote.

Ngoja niandike ilivyokuwa. Pengine nikimaliza nitalia.

Leo niliomba ruhusa kazini, hapa Ruiru kwenye duka la dawa, nikaenda kwa Mami, Makongeni. Nilimkuta afisa wa probation, yule anayeiandikia mahakama ripoti, ameshaketi, faili mapajani. Alikuja kwa ajili ya Njoroge, mdogo wangu, ambaye yuko rumande tangu mwezi jana. Polisi walimpata mtaani Kiandutu na kete tatu za unga. Unga wa heroini, si wa ugali. Aliposomewa mashtaka alijibu ni kweli, kwa sababu wenzake wa seli walimwambia ukisema ni kweli kesi inaisha haraka. Hakimu akaagiza ripoti ya nyumbani. Ijumaa anahukumiwa.

Familia ikikubali kumpokea, anaweza kupewa kifungo cha nje, awe anaenda kliniki kila asubuhi kunywa methadone, dawa ya kumwachisha unga, mbele ya nesi. Wakikosekana wa kumpokea, ni jela, tena miaka.

Mami alikubali hata kabla ya kuulizwa. Lakini yule afisa, mama mpole wa makamo, alisema Makongeni ni karibu mno na Kiandutu, wenzake watamfuata mpaka mlangoni. Akauliza kama kuna ndugu anayekaa mbali kidogo.

Wote wawili wakaniangalia.

Sasa, kwenye blogu hii hii nimeshaandika kwamba vita dhidi ya dawa za kulevya, hapa kwetu na dunia nzima, ni vita dhidi ya kina Njoroge. Anayeleta unga kwa magunia hatujawahi kumwona kizimbani. Anashikwa wa kete tatu, anafungwa, anatoka mgonjwa kuliko alivyoingia, na unga unauzwa pale pale ulipokuwa ukiuzwa. Nikasema mraibu apelekwe kwa daktari, si kwa hakimu. Watu walinisifu sana. Bado naamini kila neno.

Mami akamwambia afisa, tena kwa kujivunia, kwamba katika watoto wake mimi ndiye mwenye huruma.

Nikasema nitafikiria.

Afisa akanigeuzia fomu nione. "Hapa kuna ndiyo na hapana," akasema. "Hiyo ya kufikiria sina pa kuiandika."

Nilikumbuka mtungi wangu wa gesi ambao Njoroge aliubeba mchana kweupe akauuza. Nilikumbuka viatu vya shule vya Shiku, binti yangu wa miaka tisa, vilivyoondoka siku hiyo hiyo. Tangu hapo Shiku hulala na begi lake la shule kitandani. Nilikumbuka pia siku nilipomkuta Njoroge ameanguka chooni, midomo imegeuka rangi, na mimi muuza dawa nimesimama tu sijui nianzie wapi.

"Andika hapana," nikasema.

Sauti ilitoka kawaida kabisa, kama ninayemwambia mteja dawa yake imeisha. Afisa akaandika.

Mami akainuka. Alimsindikiza mgeni hadi barabarani, akarudi, akaanza kuosha vikombe. Ndipo akasema bila kugeuka, "Wewe sikulaumu, una mtoto. Mimi namlaumu yule aliyewaita polisi."

Ni mimi.

Huku kwetu watu hufanya hivyo. Kijana akikushinda, unapiga simu, anachukuliwa, anakaa seli wiki mbili, anarudi amenyolewa na ametulia, unampikia chapati. Jirani yangu amemshikisha mwanawe mara tatu kwa sababu ya pombe, na leo wanakula meza moja. Mimi nilidhani ni wiki mbili. Sikujua unga hauchukuliwi kama pombe ya chang'aa, kwamba kete tatu zinaweza kuandikwa ulanguzi. Hata niliwaelekeza polisi mahali anaposhinda. Niliwaambia waangalie ndani ya soksi. Nilitaka wampate nazo, ashtuke, aache.

Yaani mimi, na maandishi yangu yote, nilipozidiwa nilikimbilia pale pale ninapowakataza wengine.

Kila Jumapili Mami huomba kwa sauti kanisani Mungu amfichue mtu huyo. Mimi husimama kando yake na kuitikia amina. Blogu hii haisomi, na sijui nitamwambia lini. Nikijaribu kuwaza uso wake siku hiyo, sioni kitu.

Afisa aliniachia namba yake. Alisema ripoti anaipeleka kesho saa sita mchana, na kwamba si vibaya mtu kubadilisha nia kabla ya hapo. Ile simu ya polisi niliipiga nikiwa kazini, katikati ya wateja wawili, wala haikumaliza dakika mbili. Hii ya kumpigia afisa nimeishika mkononi tangu saa kumi, na sasa ni saa moja.

Mbona kumpeleka ndani kulikuwa rahisi vile?