Neno "Hakuna" kwenye Karatasi Yangu

Olasiti,
Arusha.
20 Julai 1998

Mpendwa mdogo wangu Anneth,

Marahaba. Najua hujaniamkia tangu Januari, lakini naitikia mapema, usije ukasingizia kwamba kaka yako amenuna. Habari za Temeke? Kile kikohozi kimekuachia? Shemeji Ludovick na watoto hawajambo? Sisi huku tu wazima, ila baridi ya mwaka huu inatupa adabu. Mama goti linamsumbua asubuhi, jua likitoka anasahau na kuingia shambani.

Mvua za El Nino zilichimba barabara ya kwetu Akheri hadi mawe yakabaki nje, na bado hayajazibwa. Mjini nako kila wiki linafunguliwa duka jipya. Siku hizi tunauziwa hata maji, yamefungwa kwenye chupa za plastiki. Mama alipoiona ya kwanza aliigeuzageuza, akauliza kama walioyafunga hawakuwa na kazi nyingine.

Anneth, niingie kwenye jambo lenyewe. Barua hii nimeianza mara tatu na kuichana. Inahusu kifo cha shangazi Tabitha na kosa nililolifanya mimi. Nakuomba usiikunje kabla hujafika mwisho.

Najua unayakumbuka yote, lakini acha niyapange, nisije nikajipendelea. Ulikuja Krismasi, tumbo likakuharibikia siku mbili, shangazi akakuuguza kwa uji na maji ya chumvi na sukari. Ukaondoka tarehe thelathini. Ijumaa ya tarehe mbili akashikwa yeye, na Jumapili tukampoteza. Watu wa afya walimzika upesi, hukuwahi. Ulipofika siku ya kumaliza matanga, Ephraimu akasema mbele ya ukoo mzima kwamba kipindupindu cha Dar es Salaam kiliingia Akheri ndani ya begi lako.

Alikuwa mtoto aliyefiwa na mama yake, na pengine wazee wangemtuliza. Mzee mmoja aliuliza kuhusu maji ya chemchemi tunayoyanywa sote. Hapo nikatoa karatasi ya maabara mfukoni. Niliyachota yale maji mwenyewe baada ya mazishi, nikayapima mwenyewe, na majibu niliyaandika kwa mkono wangu: vijidudu vya kipindupindu, HAKUNA. Karatasi ikapita mkono kwa mkono. Maji yakawa safi, na mwenye kosa akabaki mmoja. Nilikuona ulivyojifunika kanga ukatoka bila kugusa chakula. Sikukufuata, maana nilikuwa bado naona fahari kwamba mtoto wa kwetu ndiye aliyepima.

Mwezi uliopita bosi wangu, Mama Twahira, alirudi kutoka semina na makaratasi mengi kuhusu kipindupindu. Alinipa niyasome, na nilipofika ukurasa wa tatu nikarudi kuusoma upya kutoka juu.

Imeandikwa hivi, kwa maneno ya kawaida. Vijidudu hivi vikikutana na shida, kama maji ya baridi au kukosa chakula, si vyote vinavyokufa. Vingine vinajikunja, vinakuwa vidogo vya mviringo na kuacha kuzaana. Vinajibanza kwenye utelezi wa mawe na kwenye vidudu vidogo vya majini, vinakaa hivyo wiki kadhaa, hata miezi. Sisi maabara tunatambua kijidudu kwa kukiotesha kwenye sahani yenye chakula chake. Hivi vilivyolala ukivipa chakula havili, havioti, na sahani inabaki tupu. Lakini viko hai. Mtu akivinywa, joto la tumboni linaweza kuviamsha. Nilipomweleza Mama jikoni, alisema mbona hilo analijua, ni moto uliofukiwa majivuni.

Na maji yetu yanatoka mlimani, Anneth. Unakumbuka yanavyouma meno.

Halafu Mama Twahira akaniuliza ile chupa niliisafirishaje. Nikamjibu, tena kwa kujisifu kidogo, kwamba niliiweka kwenye boksi la barafu tangu Akheri hadi mjini, na kwa kuwa ilikuwa Ijumaa jioni nikaihifadhi kwenye friji hadi Jumatatu. Akavua miwani.

"Barafu ni ya maji unayoyapima uchafu wa kawaida," akasema. "Ya kipindupindu hayawekwi kwenye baridi. Wewe umewakuta wanasinzia, ukawafunika blanketi."

Nilisema kwamba hata hivyo sahani ilikuwa tupu.

"Sahani ikiwa tupu unaandika havikuota. Nani alikwambia uandike hakuna?"

Hakuna aliyeniambia. Ndivyo nilivyozoea kuandika, kwa sababu ni neno fupi na linapendeza kwenye karatasi. Miaka tisa ninafanya kazi hii na sikuwahi kujiuliza tofauti yake. "Havikuota" ndicho nilichokiona kwa macho yangu. "Hakuna" nililibuni, nikalipigia muhuri, na wewe ukafukuzwa nalo.

Sitaki kukudanganya ili nikufurahishe. Siwezi kukwambia kwamba ugonjwa haukutoka kwako. Inawezekana, na inawezekana vilevile kwamba uliupata hapahapa kwenye kikombe cha maji tulichokupa ulipofika. Mvua ile ilijaza vyoo vya bondeni kote, na watu wawili walioumwa kule chini hawakuwahi kukanyaga kwetu. Lakini hilo halitajulikana tena. Ninachojua kwa hakika ni kwamba karatasi yangu haikuwa na haki ya kukutaja, na mimi ndiye niliyeipa mdomo.

Jumapili ya tarehe tano tulipotoka kanisani niliwaomba watu wote waje nyumbani kwa marehemu shangazi. Nikawaeleza kama nilivyokueleza, pamoja na habari ya barafu. Wazee waliguna. Kuhusu maji tulikubaliana upesi kwamba kila nyumba itachemsha, maana vijidudu vilale au viwe macho, maji yakitokota vizuri vinakufa.

Mwishowe Ephraimu akaniuliza, "Kwa hiyo si Anneth?"

Nikamwambia sijui, na yeye pia hajui.

"Basi nimkasirikie nani?"

Nikamwambia anikasirikie mimi, kwa kuwa nilisema nisichokijua. Aliinuka akaenda kukata majani ya ng'ombe. Tangu siku hiyo tukipishana njiani hanisalimii, na baadhi ya wajomba wamemfuata. Inauma, sitajifanya haiumi. Lakini mimi nina Mama, nina mke wangu, nina mlango wa kubisha kila nikikasirika. Wewe walikutwisha mzigo huu ukiwa peke yako, na ukaondoka nao mpaka Dar.

Jana Ephraimu alinikuta kwa Mama. Hakunipa mkono. Aliuliza tu kama ninayo anwani yako. Nikamwandikia kwenye kipande cha karatasi, akakikunja, akaenda. Sijui anataka kukuandikia nini. Ikifika kwako barua yake, isome ukiwa na shemeji karibu.

Mama anakusalimu sana. Anasema ndizi zako za kupika anazitenga, na kwamba ukichelewa atawapa majirani halafu akulaumu wewe. Kaanaeli, mke wangu, anauliza kama ile sweta ilimtosha mtoto. Tusalimie shemeji Ludovick, na watoto uwabusu kila mmoja kwa niaba yetu. Mungu awafunike nyote, awape usingizi wa amani na chakula cha kila siku.

Barua hii naituma kwa mkono wa Hans, jirani yetu anayesafiri kesho, ili nisiwaze kama imefika.

Mdogo wangu, siku ile sote tulikuwa tumemaliza kulia. Wewe ndio kwanza ulikuwa umeshuka kwenye basi, na kabla hujatoa chozi ukaambiwa umeua. Najua hujamlilia shangazi mpaka leo. Njoo umlilie. Nitakuja kukupokea stendi, na kaburini tutakwenda pamoja.

Ni mimi nikupendaye, niliyechelewa,
kaka yako Philemoni