Malogo Aliyeishiwa Haya

Zipora, tumetoka hospitali sasa hivi. Ubongo wa baba umesinyaa kwa mbele, pale panapotunza haya. Nimemkumbuka babu yake, Malogo, enzi za Mjerumani.

Malogo! Mtu aliyejificha kichakani kila mama mkwe wake alipopita, siku moja kaingia ndani, kakaa naye, kala ugali chungu kimoja. Chungu kimoja na mkwewe, Zipora! Mkewe, Sechelela, akatamani ardhi immeze.

Wiki hiyohiyo Malogo akamvuta akida, mtawala mdogo wa Mjerumani, ndevu barazani, huku anacheka.

"Mumeo mgonjwa?" akida akamuuliza Sechelela.

Mashemeji wakamkazia macho. Akisema mgonjwa, watasema kamroga yeye. Akisema mzima, ni kiboko.

"Mzima, bwana. Pombe tu."

Hamsa ishirini! Viboko ishirini na vitano, na Malogo anacheka mpaka cha mwisho. Sechelela hakuthubutu hata kulia.

Sasa leo daktari kauliza, "Kwenye ukoo wenu yupo aliyewahi kubadilika hivi?"

Raheli wetu anaolewa Jumamosi. Wakwe zake, waliokuja kumjulia baba hali, walikuwa wamekaa palepale, wametega masikio.

Nikasema, "Hayupo."

Mimi, Zipora! Mimi ninayewalaani Wajerumani kila siku kwa vile viboko alivyochapwa mgonjwa.